Kutu Huanzia Ndani: Maswali Yenu Kuhusu Kutunza Visu vya Kukunja

Barua za mara hii zinalalamikia jambo moja kwa njia tofauti: kisu kiliwekwa kikiwa safi, kikatolewa kikiwa na madoa. Tumeanza na barua ndefu kuliko zote, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo barua nyingine zimeligusa.

Nina visu vinne alivyoniachia marehemu baba: Okapi mbili, Opinel namba 8 ya chuma cha kaboni, na kimoja kidogo chenye kofia za shaba mpinini. Kabla ya masika nilivifuta, nikavipaka mafuta ya nazi, nikavirudisha kwenye vifuko vyake vya ngozi ndani ya droo. Juzi nimevitoa. Mabapa yana kutu kwenye shina, pale yanapoingia mpinini, shaba imeota kijani kama ukungu, na Okapi moja haifunguki kabisa. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Likoni, Mombasa*

Pole sana. Ulikosea kwa ngozi na kwa mafuta. La tatu si kosa lako, ni hewa ya pwani.

Tuanze na ngozi. Ngozi ya ala hulainishwa ama kwa tanini inayotoka kwenye magome ya miti (magome ya mikoko ya pwani yetu yaliwahi kuuzwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo), ama kwa chumvi za kromiamu. Kwa vyovyote vile, ndani yake hubaki asidi au chumvi, na ngozi yenyewe hunyonya unyevu wa hewa kama sifongo kisha ikaukumbatisha kwenye chuma. Ala ni ya kubebea kisu kiunoni au mfukoni. Kisu hakilali humo miezi mitatu.

Mafuta ya nazi, kama mafuta yote ya kupikia, yana asidi za mafuta, na kadiri yanavyochacha ndivyo zinavyoongezeka. Zikikutana na shaba hutengeneza sabuni ya shaba, na ndiyo hiyo kijani unayoiona. Mafuta yaliyomo kwenye ngozi nayo yalichangia. Mafuta hayo hayo yakikaa kwenye maungio na kukusanya vumbi huweza kunata kama gundi. Tunashuku hiyo gundi, ikichanganyika na kutu, ndiyo iliyoifunga Okapi yako. Tumia mafuta ya madini: mafuta ya cherehani yanatosha kabisa. Kwa kisu kinachokata matunda au nyama, nunua duka la dawa ile parafini nyeupe ya majimaji wanayopewa watu wenye choo kigumu. Muuzaji aelewe unachotaka, asikupe mafuta ya taa.

Sasa hewa. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku wa pwani huvuka kiwango hicho mara nyingi. Chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesiamu, ambayo huvuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Kwa hiyo bapa lenye vumbi la bahari au jasho la kiganja halikauki kamwe, hata ulifute namna gani kwa kitambaa kikavu. Ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifungia ndani, nayo itaendelea na kazi yake chini ya mafuta. Ndiyo maana kisu huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi *kabla* ya kupakwa chochote. Watu wengi huiruka hatua hii wakidhani maji ndiyo adui.

Na kwa nini kutu imeanzia kwenye shina? Kwenye kisu chenye shaba, hapo ndipo shaba hugusana na chuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni chuma. Ongeza kwamba hapo ndipo uchafu hujikusanya na kitambaa hakifiki.

Kazi ya kuvirudisha ni hii. Anza na Okapi iliyokwama. Tia matone matatu ya mafuta mepesi kila upande wa maungio, iache usiku kucha, kesho yake ongeza matone mengine. Ishike bapa kwa mgongo wake, kwa kipande cha mpira au kitambaa kinene, uisogeze milimita mbili mbele, mbili nyuma. Usitumie koleo: bapa lililoliwa na kutu shinani huvunjika papo hapo, na meno ya koleo hayafutiki.

Vikishafunguka vyote, osha kimoja kimoja kwa maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Mfereji wa ndani ya mpini, pale bapa linapolala, usafishe kwa kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba. Fungua na ufunge mara kumi chini ya maji yanayotiririka; mwanzoni yatatoka ya kahawia, endelea mpaka yatoke meupe. Mpini wa mti usiloweshwe zaidi ya dakika moja.

Kisha kausha, na hapa ndipo uvumilivu unahitajika. Kung'uta, futa, kiache kisu wazi mbele ya feni nusu siku, au elekeza mashine ya kukaushia nywele kwenye maungio kwa dakika tano ikiwa kwenye joto la chini. Matone mawili ya spiriti ya hospitali kwenye maungio hubeba maji yaliyobaki na kuvukia nayo. (Usiitumie kwenye mpini wenye vanishi au wa plastiki za kale.) Mwisho, tone moja la mafuta kila upande wa maungio, fungua na ufunge mara kumi, futa yanayojitokeza. Bapa lenyewe linataka matone mawili kwenye kitambaa. Ukiligusa na kidole kikaacha alama iliyolowa, umezidisha. Mafuta mengi hukusanya vumbi na kulowanisha mti.

Vifunge kwenye karatasi ya nta, kila kimoja peke yake, uviweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Ala zihifadhi pembeni. Vikague kila mwezi wakati wa masika, na kila miezi miwili au mitatu nyakati nyingine.

Kisu changu cha Victorinox kimeandikwa "inox". Nimeambiwa hakishiki kutu, lakini kina vitone vyeusi karibu na chemchemi (springi). Ni bandia?
*Msomaji, Mwanza*

Si lazima kiwe bandia. Chuma huitwa stenlesi (ndiyo maana ya "inox") kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, mabapa mengi ya aina hiyo yana kati ya 13 na 15. Kromiamu hutengeneza ngozi nyembamba isiyoonekana juu ya chuma, na ngozi hiyo hujiponya ikikwaruzwa, mradi hewa iifikie. Kwenye mpenyo mwembamba kati ya chemchemi na bapa hewa haifiki vizuri, na kama kuna chumvi au limau humo, ngozi hutoboka sehemu ndogo ndogo. Hivyo vitone ni vishimo. Osha kama tulivyoeleza hapo juu, tia tone moja la mafuta, na usikilaze kisu chini ya sinki pamoja na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mvuke wa klorini hupenya hata chupa iliyofungwa.

Naweka vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya ndani ya sanduku la visu. Vinatosha vingapi? Na mchele je?
*Msomaji, Temeke, Dar es Salaam*

Mchele hauna msaada wa maana hapa. Upikeni.

Vifuko vile vina silika jeli, na swali lako linajibiwa kwa hesabu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba kama gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Sanduku la lita 10 basi lina robo gramu tu ya maji hewani. Kifuko kimoja cha gramu 5, kikiwa kikavu kweli, hushika karibu gramu moja kwa unyevu wa wastani. Ukiishia hapo utasema kimoja kinatosha na baki.

Lakini maji mengi hayako hewani. Yako kwenye vitu. Mpini wa mti wa gramu 30 uliozoea hewa ya Dar hutoa kama gramu moja na nusu ukikaushwa kufikia unyevu tunaoutaka, mara sita ya maji yote ya hewani. Ongeza kadibodi, kitambaa cha ndani, na hewa mpya inayoingia kila unapofungua kuonyesha wageni. Kwa sanduku la lita 10 lenye visu sita hadi kumi tunashauri gramu 50, na kama kuna mti mwingi, 100. Ondoa kadibodi na sponji kabisa.

Vifuko vya viatu kwa kawaida vimeshashiba kabla hujavipata. Vimekaa dukani wazi. Nunua silika yenye rangi ya kuonyesha: ya machungwa hugeuka kijani ikishiba. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina kobalti, isiguswe na watoto wala kuwekwa karibu na chakula. Ikishashiba, imwage kwenye sinia, itie kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Moto ukizidi, rangi hufa na hutajua tena lini imeshiba. Usiioke ndani ya kifuko cha plastiki.

Nunua pia kipima unyevu kidogo, uache ndani ya sanduku. Lenga asilimia 40 hadi 50. Juu ya 60 kutu huenda kasi. Chini ya 35 mipini ya mti na pembe huanza kupasuka. Watu hudhani kadiri pakavu zaidi ndivyo bora, wakaja kulia na mpini wa mpingo wenye ufa.

Naishi Muscat. Visu vyangu viko chumba chenye AC, pakavu kabisa. Lakini kila nikivitoa kwenda navyo pwani vinatoka jasho, na kimoja chenye mapambo ya fedha kimekuwa cheusi ingawa nimekizungushia gazeti na mipira ya kufungia noti.
*Msomaji, Oman*

Jasho kwanza. Chumba chako kikiwa nyuzi 22 na nje ni 33 yenye unyevu wa asilimia 70, hewa ile ya nje huanza kuangusha umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 27 hivi. Kisu chako ni 22. Kinalowa kama chupa ya soda iliyotoka friji, na kinalowa mpaka ndani ya maungio, ambako hutaona. Kabla ya kutoka kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ukiache nje humo humo kama saa moja kipate joto, ndipo ukifungue. Umande utaangukia mfuko.

Ukirudi kutoka pwani, kioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo kabla hujakirudisha chumbani.

Fedha ni habari nyingine. Weusi ule si kutu, ni salfaidi ya fedha, na salfa yake inatoka kwenye vitu ulivyokizungushia: mipira hutiwa salfa ili iwe imara, na karatasi ya gazeti ina asidi na mara nyingi salfa pia. Sufu na baadhi ya vitambaa vya velveti hufanya vivyo hivyo. Tumia karatasi laini isiyo na asidi, ile inayouzwa kwa kuhifadhia nguo za harusi, kisha mfuko wa polithini. Epuka plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni; hiyo ni PVC, nayo hutoa asidi yenye klorini taratibu. Kuondoa weusi, kitambaa cha kung'arishia fedha kinatosha. Usikitose kisu kwenye dawa ya kuchovya: itaingia kwenye maungio na haitoki.

Nilinunua kwa mnada visu vya zamani kumi na viwili, nikavipanga kwenye trei moja. Kimoja kina mpini wa rangi ya ganda la kasa, kinanuka kama kafuri. Ndani ya mwaka mmoja visu vinavyokizunguka vyote vimeshika kutu, vya mbali ni vizima.
*Msomaji, London*

Kitoe leo. Mpini huo bila shaka ni seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo kabisa, iliyotengenezwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki pamoja na kafuri. Ilitumika sana kwenye visu vya nusu ya kwanza ya karne ya 20, kuiga ganda la kasa, pembe au lulu. Ikizeeka huanza kujila, ikitoa mvuke wa oksidi za naitrojeni ambao ukikutana na unyevu huwa asidi ya nitriki. Mvuke huo ndio uliowala jirani zake. Dalili nyingine: mpini unakuwa na ukungu ndani, unapasuka miraba midogo, na pini za shaba zinazouzunguka zinakuwa kijani.

Ugonjwa huu hauponi. Unachoweza ni kuuchelewesha: mahali pa baridi, pakavu, penye hewa inayopita. Hiki ndicho kisu pekee katika ukurasa huu *kisichotakiwa* kufungiwa kwenye kopo, maana kikifungiwa kitajila kwa mvuke wake chenyewe. Usikiweke juani wala karibu na moto. Seluloidi hushika moto haraka sana. Trei ioshwe au itupwe. Kama imetengenezwa kwa mwaloni, itupe bila kusita, kwa sababu mwaloni hutoa asidi ya siki yenyewe kwa miaka mingi na haujawahi kuwa rafiki wa metali. Mbao za kubandika na rangi mbichi hufanya hivyo pia.

Opinel yangu ya kaboni imekuwa ya kijivu na madoa ya buluu tangu nianze kuitumia kukatia matunda. Niisugue irudi kung'aa kabla ya kuiweka?
*Msomaji, Arusha*

Usiisugue. Kijivu hicho ni tabaka jembamba la oksidi nyeusi lililojengwa na asidi ya matunda, na hushikamana na chuma. Kutu nyekundu haishikamani: huvimba, humeguka, na kufungulia chuma kipya kiliwe. Kuzitofautisha, futa kwa kitambaa cheupe chenye mafuta. Kikitoka kahawia au chekundu, ni kutu.

Doa la kutu liondoe kwa pamba iliyolowa siki nyeupe, uiweke juu ya doa tu kwa dakika 10. Kisha sugua kwa stilwulu laini kuliko zote (namba 0000) ukifuata urefu wa bapa, osha, na upitishe maji yenye kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea kwa kikombe ili kuua asidi. Usikitose kisu chote kwenye siki kama wanavyoonyesha wengine. Siki itakayobaki kwenye pini ya maungio itafanya kazi mwezi mzima baada ya wewe kusahau.

Kijivu hakizuii kutu, kinaipunguza tu kasi. Mafuta bado yanahitajika.

Mvua hazijakatika, na Opinel imekwama ndani ya mpini wake. Naogopa kuukata mti.
*Msomaji, Bukoba*

Mti umevimba ukalibana bapa. Achia kwanza pete ya kufungia, ikiwa kisu chako kinayo (Opinel walianza kuitia mwaka 1955). Shika kisu, gonga kisigino cha mpini kwenye meza ya mbao, pale nyuma kabisa. Ncha ya bapa huchomoza kidogo ukaishika. Watu wa Savoie, Ufaransa, kisu hiki kilikozaliwa mwaka 1890, ndivyo wanavyofanya. Kikishafunguka, kikaushe wazi kivulini siku tatu au nne. Juani au jikoni kitapasuka. Kisha sugua mshumaa ndani ya mfereji, kote linakopita bapa. Ukitaka kuupaka mpini mafuta ya kitani, paka kidogo sana mara mbili, siku mbili mbili, na kitambaa ulichotumia kitandaze nje au ukizamishe kwenye maji: kikikunjwa na kutupwa kwenye kona hujipasha moto hadi kuwaka chenyewe.

Mafuta ya taa, oili ya gari iliyotumika, WD-40, Vaseline: lipi ni bora?
*Msomaji, Bujumbura*

Mafuta ya taa huosha vizuri, kisha huvukia na kuacha chuma karibu uchi. Oili iliyotumika ina maji, masizi na asidi za injini. Hata shoka halistahili. WD-40 ilitengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na jina lake ndilo linasema hivyo: WD ni "Water Displacement", yaani kufukuza maji. Itumie kwa kazi hiyo, halafu ifute na upake mafuta ya cherehani, kwa sababu utando wake ni mwembamba mno kwa kuhifadhia. Vaseline ni nzuri kwa bapa litakalolala mwaka mzima, ikipakwa nyembamba hadi chuma kionekane kama kimeshika mvuke tu. Isiingie kwenye maungio.

Kisu kihifadhiwe wazi au kimefungwa?
*Msomaji, Nairobi*

Kimefungwa, kwa miezi hadi mwaka, mradi mfereji ni mkavu. Kilaze upande wa mfereji ukiangalia chini, ili mafuta yanayozidi yatoke na yasidimbwike kwenye chemchemi. Kwa muda mrefu zaidi, au kama kisu kina bapa la kaboni ndani ya mpini wa mti, kiache wazi robo tu ndani ya sanduku lenye silika, makali yakielekea upande ambao mkono haupiti.